Zamu ya Mlango wa Chuma

Mama Mkwe alimvika ule ufunguo shingoni kwa mikono yake mwenyewe, kama anayemvika bi harusi mkufu, kisha akarudi nyuma kidogo kumtazama.

"Sasa umekuwa mtu mzima," alisema. "Usituangushe."

Kina mama wakapiga makofi. Fundi viatu, mwanamume pekee katika kundi lile, akakohoa kikohozi chake cha furaha, maana alikuwa na vikohozi vya kila aina na waliomzoea walivijua vyote. Mama Mzee akatabasamu. Ufunguo ulikuwa wa baridi, nao ulimgusa kifuani pale pale ambapo maziwa yalikuwa yameanza kujaa.

Jina lake lilikuwa kichekesho cha mtaa mzima. Ukikutana naye njiani ungemdhania mwanafunzi aliyesahau sare nyumbani, halafu unasikia mtu anamwita Mama Mzee! Lakini mwanawe alizaliwa na kipara, uso ameukunja kama babu aliyeamshwa katikati ya usingizi mtamu, na mkunga akasema, "Hongera, binti, umezaa mzee." Jina likamganda mtoto, na mama naye likamrukia.

Asubuhi ile Mzee alibaki nyumbani na wifi, kwa sababu watoto hawakuruhusiwa kwenye zamu.

Zamu ilikuwa Jumamosi moja ya kila mwezi. Kundi la Mama Mkwe, ambalo lilijiita Walinzi, lilikodi stoo iliyokuwa ya mtengeneza magodoro, nyuma ya karakana ya mchomeleaji vyuma, na humo walifunga na kuomba tangu asubuhi mpaka jua lipoe. Mabaki ya sponji ya njano yalikuwa bado yamejibanza kwenye kona, hata uyafagie vipi. Dirisha halikuwepo. Juu kabisa, karibu na bati, palikuwa na matundu ya hewa, na mlango ulikuwa mmoja tu, wa chuma, kazi ya yule mchomeleaji wa jirani, aliyejisifu kwamba akishaufunga yeye hata fahali hatoki.

Na mlango ndio uliokuwa fahari ya Walinzi. Wimbo wa kwanza ulipoanza, ulifungwa kwa ufunguo, na haukufunguliwa mpaka amina ya mwisho. Aliyechelewa amechelewa. Mama Mkwe aliichota desturi hiyo katika habari ya wale wasichana wa taa, walioishiwa mafuta, wakaenda kuyatafuta, wakarudi wakakuta kumeshafungwa.

"Siku ile hakutakuwa na samahani nilipitia sokoni," alipenda kusema. "Tujizoeze tangu sasa."

Mwezi uliopita ufunguo ulikuwa kwa Bi Pole, mjane mnene mwenye miguu iliyovimba, aliyeitwa hivyo kwa mwendo wake. Katikati ya maombi mvua ilishuka kwa kishindo, watoto wa shule wakajibana ukutani nje, na Bi Pole akawafungulia. Walinzi hawakuamini macho yao. Zamu ilivunjika, na Bi Pole akavuliwa ufunguo mbele ya wote. Alisema tu kwamba watoto wale walikuwa wamelowa.

Sasa ufunguo ulikuwa kwa Mama Mzee, naye alikuwa ameutaka. Si kwa sifa. Aliutaka kwa sababu ya hofu ambayo hajawahi kumsimulia mtu.

Alipokuwa mdogo alirudi kutoka shule siku moja akakuta nyumba wazi, chungu kinatokota jikoni, na hakuna mtu. Si mama, si dada, si jirani. Mahubiri ya Jumapili yalikuwa bado yamemkaa masikioni: wengine watatwaliwa, wengine wataachwa. Akajua limetokea, na yeye ameachwa. Aliketi chini pale jikoni akalia mpaka sauti ikamkauka, na mama yake aliporudi na chumvi ya kuazima alimkuta anatetemeka kama mwenye homa. Watu walicheka sana. Yeye hakucheka. Tangu hapo alikuwa akiingia nyumba tupu anaita majina ya watu kabla hata ya kuweka mzigo chini. Kwa hiyo mtu akimwambia kuna mahali ambapo mlango ukifungwa wewe unakuwa tayari uko ndani, je, asingekwenda?

Ila asubuhi ile Mzee aliamka na mwili wa moto.

"Mama, naona nisubiri," alikuwa amemwambia Mama Mkwe wakati wa kufunga kanga. "Jana usiku hakunyonya vizuri."

Mama Mkwe alimgusa mtoto shingoni kwa mgongo wa mkono. Hakuwa mwanamke mkatili. Ni yeye aliyemkanda Mama Mzee alipojifungua, ni yeye aliyemwogesha mjukuu mpaka kitovu kikapona, na mwanawe alipopata kazi ya mbali ni yeye aliyemwambia mkwewe, "Hapa ni kwako, sitaki kusikia habari ya kupanga chumba."

"Meno hayo," alisema. "Baba yake alikuwa hivi hivi. Adui naye anajua siku ya kutuma homa, mwanangu. Siku unayokabidhiwa ufunguo ndiyo siku anayokushika upindo."

"Na mimi je?" wifi aliuliza kutoka kwenye cherehani, pini mdomoni. Alikuwa kitinda mimba wa Mama Mkwe, msichana aliyekwisha maliza shule, mdomo mwepesi, na zamu alizikwepa kwa kila njia. "Akikataa kikombe nimnyonyeshe mimi?"

"Wewe ungekuwa unaomba ungejua la kufanya."

"Mimi nitaomba nikishazeeka, Mama. Sasa hivi nina sare za watu za kushona."

Mama Mzee alicheka kwa shingo upande, akambusu mwanawe kwenye lile paji lenye mikunjo, akatoka. Njia nzima midomo yake ilibaki na ule moto.

Basi wimbo wa kwanza ukaanza. Mama Mzee akasukuma mlango, akazungusha ufunguo, na kitasa kikalia ndani ya kifua chake. Giza la stoo likajisogeza. Taa moja ya umeme iliwaka juu yao kwa unyonge, na upande wa pili wa ukuta mashine ya mchomeleaji ikaanza kukwaruza. Waliimba, waliomba, walinyamaza, waliomba tena. Joto lilipanda. Bati lilikuwa linatoa milio midogo ya kutanuka, na hewa ikawa nzito, ya jasho na vumbi la sponji.

Maziwa yalimjaa. Kwanza yalikuwa uzito tu, halafu yakawa maumivu, halafu yakawa kama mawe mawili ya moto. Alijifunga kanga kwa nguvu ili yasichuruzike. Kila alipofumba macho aombe, aliona uso wa Mzee. Alijaribu kumkemea adui. Alikemea mara ya kwanza, akakemea tena, na uso wa Mzee ulikuwa bado uko pale pale, umekunja ndita, unamtazama.

Ndipo kukabishwa hodi.

Haikuwa kwa nguvu. Kiganja cha mtu mzima, taratibu, kama anayeogopa kuamsha waliolala.

"Wapendwa," sauti ikasema. "Ni mimi. Bi Pole."

Maombi yalikatika, kisha yakaendelea kwa sauti kubwa zaidi.

"Nilichelewa kwa jirani yangu aliyepooza, mwanawe hakurudi. Nilikuwa namgeuza na kumlisha uji. Nifungulieni, nikae hata pale nyuma."

Mama Mzee alijikuta ameushika ufunguo. Alimtazama Mama Mkwe. Mama Mkwe, macho yamefumbwa, alitikisa kichwa mara moja.

"Asijibiwe mtu," alisema. "Tumeshaingia."

Fundi viatu akatoa kikohozi kifupi, kikavu. Hicho Mama Mzee hakuwahi kukisikia.

Bi Pole alibisha tena, kisha akaacha. Lakini hakuondoka. Walimsikia akijishusha kwenye kizingiti kwa kuguna, mgongo wake ukiegemea chuma, halafu akaanza kuimba ule ule wimbo waliokuwa wanauimba ndani, nyuma kidogo, kama mtu anayewafuata njiani. Mlango ukapokea sauti yake. Mama Mzee, aliyekuwa ameketi ameuegemea upande wa ndani, aliisikia mgongoni mwake. Wakawa wameketi hivyo, mgongo kwa mgongo, na unene wa bati la chuma katikati.

Aliona haya. Hakujua anamwonea nani haya.

Muda ulipita, na jua lilipoanza kuchoma kupitia matundu ya hewa, wimbo wa Bi Pole ukakatika ghafla.

"Binti, una nini? Mbona unakimbia hivyo?"

Na hapo Mama Mzee akasikia kile alichokuwa akikisikia moyoni tangu asubuhi: kilio cha mwanawe. Kilikuwa kikali, chembamba, cha mtoto aliyekwisha lia mpaka hajui analilia nini. Kanga yake ililowa papo hapo. Mwili ulijibu kabla ya kichwa.

"Wifi!" Ngumi zikaugonga mlango. "Wifi, toka! Mtoto anawaka moto! Kikombe amekataa, kijiko amekataa, ametapika mara sijui ngapi. Toka twende kwenye zahanati!"

Mama Mzee alisimama. Mama Mkwe alikuwa amesimama kabla yake, naye alikuwa kati yake na kitasa.

"Ampeleke yeye," alisema Mama Mkwe kwa upole. "Mikono anayo. Miguu anayo. Zahanati ni hapo mbele tu."

"Mama, anataka kunyonya."

"Zimebaki saa chache."

"Mama, unamsikia?"

"Namsikia." Uso wa Mama Mkwe ulikuwa umelowa jasho, na Mama Mzee aliona kwa mshangao kwamba midomo yake inatetemeka. "Unafikiri simsikii? Ni damu yangu. Lakini hivi ndivyo anavyokuja, mwanangu. Haji na pembe. Anakuja na sauti ya unayempenda. Wangapi wamegeuka nyuma kwa ajili ya sauti?"

Nje, wifi alikuwa analia na kufoka kwa pamoja. "Mama! Mama, na wewe umo humo? Mwambie atoke! Ni maombi gani haya?"

"Mpeleke!" Mama Mzee alipiga kelele kwenye upenyo wa mlango. "Wifi yangu, nenda naye, nakuja!"

"Hashikiki, anajipinda! Sijui namshikaje!"

"Mlete kwangu, binti," ilikuwa sauti ya Bi Pole. "Vua hiyo nguo nzito. Lowesha kanga hapo kwenye bomba la mchomeleaji. Hivyo. Ningekuwa na miguu ningekuwa nimeshafika naye. Njoo, babu, njoo kwa bibi."

Ndani hakuna aliyeomba tena. Walikuwa wamesimama katika lile joto kama mizigo iliyosahauliwa, kila mmoja anamwachia mwenzake aanze. Mama mmoja alisema, "Tuimbe," lakini hakuimba. Mama Mzee alitazama kuta, matundu yale juu ambayo hata paka asingepita, mlango ambao hata fahali hatoki. Alikuwa ndani. Maisha yake yote alitaka kuwa ndani wakati mlango unafungwa, na sasa mlango ulikuwa umefungwa, na yule aliyeachwa nje alikuwa mwanawe.

Halafu mtoto akanyamaza.

Hakunyamaza polepole, kama anayebembelezwa akalala. Kilio kilikatika katikati, na Bi Pole nje akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakutaka isikike, "Yesu wangu. Macho yamegeuka."

Mama Mzee aliuchukua ufunguo. Mama Mkwe aliweka kiganja juu ya tundu la kitasa, akakikaza.

Kama angepigiwa kelele, pengine na yeye angepiga kelele. Kama angesukumwa, angesukuma. Lakini alipouangalia ule mkono, mkono uliomkanda, uliomwogesha Mzee, aliona umekunjwa kwa woga na si kwa nguvu. Akaanza kuufungua kidole kimoja kimoja, taratibu, kama anavyoufungua mkono wa Mzee akishika kitu asichotakiwa kushika.

"Mama," alisema, "Bwana mwenyewe akija si atabisha?"

Mama Mkwe alikaza vidole vilivyobaki.

"Mtumwa anayekesha, anakesha ili afungue. Bwana wake asisimame nje. Sisi tumejizoeza nini humu? Mtu anabisha, tunaimba zaidi. Mtu anabisha, tunaimba zaidi. Siku akibisha yeye, Mama, nani kati yetu atasimama? Masikio yetu tumeshayafundisha."

"Usiseme hivyo."

"Nimeliogopa giza la nje tangu mtoto. Lakini Bi Pole yuko nje tangu asubuhi, na mwanangu yuko mikononi mwake. Mimi niliye ndani nimekesha nini?"

Kidole cha mwisho kilikuwa kigumu. Alikiinua. Fundi viatu akasogea, akamshika Mama Mkwe kiwiko kwa heshima. "Dada," alisema, bila kikohozi chochote, "mpishe."

Ufunguo ulizunguka. Mwanga uliingia kwa wingi mpaka wote wakajikinga macho.

Bi Pole alikuwa ameketi kizingitini, miguu yake mikubwa ameinyoosha, na juu ya mapaja yake Mzee amelala uchi, amefunikwa kanga mbichi, mikono yake midogo inarukaruka kama ya mtu anayeota anaanguka. Wifi alikuwa amepiga magoti, pini bado ziko kwenye kola ya blauzi. Mchomeleaji alikuwa amesimama kando, miwani yake ya kazi ameipandisha kipajini, haelewi amsaidie nani.

"Degedege," alisema Bi Pole. "Limeanza kuachia. Mweke ubavu. Kimbieni sasa, kimbieni, msiniangalie mimi."

Mama Mzee alikimbia. Hakukumbuka viatu, hakukumbuka kama kifua chake kilikuwa kimechuruzika mpaka kwenye sketi. Wifi alikimbia mbele akipangua watu, "Pisheni! Pisheni jamani, mtoto!" Wauza nguo walipisha, mwendesha mkokoteni akaugeuza ubavu, na katikati ya kukimbia mkono wa Mzee ukatulia, kisha ukamshika blauzi. Ulimshika kwa nguvu. Hapo ndipo Mama Mzee alipolia.

Kwenye zahanati hawakuwauliza jina kwanza. Muuguzi alimchukua mtoto, akamchoma sindano, akampima damu, akamwekea dawa, na Mzee alipolia tena kwa hasira, sauti nene ya babu aliyeonewa, muuguzi alisema, "Lia, mzee wangu, lia. Hicho ndicho tunachokitaka." Alisema pia, bila kumtazama mtu usoni, kwamba homa ya namna ile haina subira, na ni vizuri wamefika. Walimrudishia mama yake anyonye, wakawaambia wangoje nje daktari asome majibu.

Wakakaa kwenye benchi la korido. Mzee alinyonya, akasinzia, akashtuka, akanyonya. Wifi alikuwa amelaza kichwa kwenye bega la Mama Mzee, kimya, jambo lisilo la kawaida.

"Wifi," alisema hatimaye, "mimi pale nje niliomba. Usimwambie Mama, atanipangia zamu."

Mama Mzee alicheka, na kicheko kikamtoka na machozi. Bado alikuwa na hofu. Hakujua jioni ile atalala wapi, wala mumewe ataambiwa habari gani na kwa mdomo wa nani. Alijaribu kuitafuta ile hofu nyingine, ya kuachwa, akapapasa ndani yake kama mtu anayepapasa jino lililong'oka. Alikuta pamebaki uwazi, na maumivu kidogo.

Mama Mkwe alifika jua likiwa limeanza kulegea. Hakuwa amekunywa hata maji. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alisimama mwanzoni mwa korido, akawaona, akaja akakaa mwisho kabisa wa benchi, mkoba magotini, kama mgeni anayengoja aulizwe shida yake.

Akaufungua mkoba, akaufunga tena.

"Bi Pole tumemwingiza," alisema mwishowe, akiuambia ukuta wa mbele. "Fundi viatu alimbebea kiti. Amewaombea ninyi mpaka sauti ikakauka. Mimi nilishindwa kuomba."

"Sawa, Mama."

"Aliniambia alibisha mara mbili."

"Alibisha."

"Nilimsikia kila mara." Mama Mkwe alivua kitambaa cha kichwani, akakikunja, akakikunjua. "Nilikuwa nadhani kutosikia ndiyo ushindi. Ila nilikuwa nasikia."

Neno la kumsamehe lilikuwa bado halijaiva kinywani mwa Mama Mzee, na la kumlaumu hakulitaka. Alijisogeza kidogo, wifi naye akajisogeza, nafasi ikapatikana, na Mama Mkwe baada ya kusitasita akahamia karibu. Akanyoosha mgongo wa mkono wake, akamgusa Mzee shingoni, vile vile kama asubuhi. Safari hii aliuacha pale. Alisikiliza kwa mkono, muda mrefu, kama hajawahi kumgusa mtoto maishani.

Mbele yao mlango wa daktari ulifunguka kidogo tu, ufa mwembamba wa mwanga, na sauti ya ndani ikaita, bado haijafika hata nusu ya jina.

Mama Mkwe alikuwa ameshasimama.